Aliyeng'oa Nguzo

Januari 1993, Kinshasa. Mwanajeshi wa Zaire amelipwa mshahara baada ya kungoja sana, na amelipwa kwa noti mpya kabisa ya zaire milioni tano. Sura iliyochapwa juu ya karatasi ile ni ya Rais Mobutu Sese Seko. Anakwenda nayo sokoni. Mama anayeuza mikate ya muhogo iliyofungwa majanini anaitazama, anaigeuza, anamrudishia. Hana dharau naye. Anajua tu kwamba akiipokea leo, kesho yule anayemuuzia muhogo ataikataa, na wanawe watalala njaa. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi ametangaza kuwa noti ile si pesa halali. Rais ameamuru itumike. Nchi moja ina serikali mbili, na katikati yake amesimama mtu mwenye bunduki na tumbo tupu.

Wanajeshi waliingia mitaani. Wakavunja maduka, maghala na nyumba za watu, kama walivyofanya Septemba 1991, na mara hii kikosi cha ulinzi wa Rais kikawageukia wenzao kwa risasi. Mamia ya watu walikufa. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, alipigwa risasi akiwa ubalozini kwake.

Pesa hiyo ilipoanzishwa mwaka 1967, zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Robo karne baadaye noti ya milioni tano ilikuwa na thamani ya dola chache tu, na mama wa sokoni hakuitaka hata hivyo.

Nalisimulia hili kwa sababu siku hizi nasikia vijana wakimsifu Mobutu, wa Kongo na wa kwetu pia. Wanaziangalia picha zake kwenye simu: fimbo mkononi, kofia ya ngozi ya chui, Muhammad Ali na George Foreman wakizichapa Kinshasa mwaka 1974, ndege ya Concorde imetua katikati ya msitu. Wanasema nchi ilikuwa na mwenyewe. Nawaelewa. Kijana wa Goma au Bunia aliyezaliwa ndani ya vita na kukulia ndani ya vita ana kila sababu ya kutamani enzi ambayo baba yake alisafiri bila kuvuka vizuizi vya wanamgambo. Ila mbegu ya vita hivyo ilipandwa katika enzi ile ile anayoitamani, na sehemu kubwa ya kazi ya kupanda aliifanya mtu huyo huyo wa kwenye picha.

Alizaliwa Lisala, kando ya Mto Kongo, tarehe 14 Oktoba 1930. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mpishi wa hakimu wa Kibelgiji, na alifariki mtoto akiwa na miaka minane hivi. Mama yake, Marie-Madeleine Yemo, ndiye aliyemlea kwa shida, leo kwa ndugu huyu, kesho kwa yule. Shule ya wamisionari ilimshinda kwa utundu, akapelekwa jeshini, kwenye kile kikosi cha kikoloni kilichoitwa Force Publique. Huko akajifunza uchapaji na ukarani, akasoma kila gazeti lililopita mbele yake, na alipotoka akawa mwandishi wa habari Léopoldville, mji ambao sasa unaitwa Kinshasa. Alikuwa kijana mwenye akili kali, kumbukumbu kubwa na ulimi mtamu. Hakuna aliyemfahamu wakati ule aliyembishia hilo.

Katika kazi hiyo alikutana na Patrice Lumumba, wakawa marafiki. Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960 na jeshi likaasi siku chache tu baadaye, Lumumba alihitaji mtu wa kumwamini pale jeshini. Akamchagua rafiki yake, akamfanya kanali na mnadhimu mkuu wa jeshi. Mobutu hakuwa ametimiza miaka 30. Septemba 14 mwaka huo huo alitangaza redioni kwamba anawaweka kando wanasiasa wote. Desemba Lumumba alikamatwa, akapigwa na askari mbele ya kamera, kisha akapelekwa Katanga, kwa adui zake, ambako aliuawa Januari 17, 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wabelgiji na Wamarekani walikuwa na mkono wao, na hilo halina ubishi tena. Lakini ufunguo wa mlango alikuwa nao Mobutu. Mwaka 1966, akiwa tayari Rais, alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa.

Naona ndipo tabia yake yote ya baadaye ilipoanzia. Mtu aliyepanda kwa kumpindua aliyemwamini hawezi tena kumwamini anayemwinua. Anaijua ngazi, ameikanyaga mwenyewe. Kila kijana hodari anayemteua anamwona amebeba ngazi ile ile begani. Wahenga walituachia neno kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mobutu alilichukua neno hilo akalifanya kuwa mfumo wa serikali. Aliichana nguo yote ili asitafunwe.

Alichukua madaraka rasmi kwa mapinduzi ya Novemba 24, 1965, na aliahidi kukaa miaka mitano. Tusiwaseme vibaya waliompokea kwa furaha. Kongo ilikuwa imechoka kweli. Katanga ilikuwa imejitenga na kurudishwa kwa vita, waasi wa Simba walikuwa wameiteka Kisangani mwaka 1964, watu wamekufa vijijini kwa maelfu. Alikuja mtu aliyetuliza. Shaba ya Katanga ilikuwa na bei nzuri duniani, mishahara ikalipwa, shule zikafunguliwa, na Mkongo wa Kasai na yule wa Equateur wakaanza kujiona watu wa nchi moja. Hilo la utaifa alilifanya, na mpaka leo limebaki: pamoja na yote yaliyowapata, Wakongo hawataki nchi yao igawanywe.

Lakini ndani ya miezi saba ya kwanza alikwishaonyesha upande wa pili. Juni 2, 1966, siku za Pentekoste, waziri mkuu wa zamani Évariste Kimba na wenzake watatu waliokuwa mawaziri walinyongwa hadharani mjini Kinshasa, mbele ya umati mkubwa ulioletwa kushuhudia. Kesi yao ilikuwa fupi mno. Mwaka 1968 kiongozi wa waasi Pierre Mulele alirudi kutoka Brazzaville kwa ahadi ya msamaha. Aliuawa kwa mateso. Baada ya hapo nchi nzima ilijua kwamba neno la Rais ni uhai na ni kifo, na halina mtu wa kuliuliza swali.

Chama kikawa kimoja, MPR, kilichoanzishwa mwaka 1967. Kila Mzaire alikuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, mto ukaitwa Zaire, kama pesa ilivyokuwa ikiitwa tayari. Mwaka uliofuata majina ya Kikristo yakapigwa marufuku, na tai shingoni pia. Sitakaa sana hapo, kwa sababu hayo ndiyo yanayosimuliwa kila siku, na mengine yalikuwa na maana yake: watu waliodharauliwa na wakoloni kwa miaka 75 walikuwa na haki ya kujiita kwa majina ya babu zao. Kilichoiua nchi hakikuwa nguo wala majina.

Mtazame Nguz Karl-i-Bond, maana maisha yake peke yake ni darasa zima. Alikuwa waziri wa mambo ya nje. Mwaka 1977, baada ya waasi kuvamia jimbo la Shaba, ile Katanga iliyobadilishwa jina, wakitokea Angola, alishtakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifo. Mwaka uliofuata alisamehewa. Mwaka 1979 alirudishwa kwenye wizara ile ile, na 1980 akawa waziri mkuu. Mwaka 1981 alikimbilia Ubelgiji, akaandika kitabu cha kumshutumu Mobutu, akaenda hadi Washington kuwaeleza wabunge wa Marekani jinsi nchi yake inavyoibiwa. Mwaka 1985 alirudi nyumbani. Mwaka 1986 Mobutu alimteua kuwa balozi, na alimpeleka Washington hapo hapo alikotolea ushahidi. Baadaye akawa tena waziri wa mambo ya nje, na mwaka 1991 tena waziri mkuu.

Wapo wanaosema hiyo ilikuwa huruma, moyo mkubwa wa kusamehe. Mimi naona ni jambo zito zaidi ya unyongaji. Ukimnyonga mpinzani, wanaobaki wanaweza kumkumbuka kwa heshima. Ukimhukumu kifo, ukamrudisha, ukampa gari na nyumba, akakushutumu, ukamrudisha tena, umewaonyesha watu wote kwamba maneno ya wanasiasa hayana uzito, hata yale ya kweli. Ushahidi wa Nguz ulikuwa wa kweli, ila nani angeuamini tena siku ile aliporudi Washington kama balozi wa yule aliyemshtaki? Mobutu hakuua watu wote waliompinga. Wengi aliwaua heshima, na nchi isiyo na watu wanaoheshimika haina wa kuisimamisha siku inapoanguka.

Mawaziri waliingia na kutoka kama wasafiri stesheni. Mtu akiteuliwa alijua miezi yake ni michache, na hakuna atakayemuuliza ameacha nini wizarani. Ataulizwa kama ameshangilia vya kutosha. Basi alikula haraka. Aliyekuwa chini yake naye akala, na karani wa dirishani akadai matabishi, yaani hongo, kabla ya kugonga muhuri. Rais mwenyewe, katika hotuba za miaka ya 1970, aliwaambia watu kwamba wakiiba waibe kidogo, kwa akili, wasijulikane. Novemba 1977 alisimama mbele ya wajumbe wa chama akalalamika kwamba nchini kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa. Mdomo ule ule, ndani ya miaka michache. Kwa upande huu wa Ziwa Tanganyika, hapa Tanzania, wakati huo watoto wa shule walikuwa wakikaririshwa kwamba cheo ni dhamana. Sisi nasi tuliyavunja maneno hayo mara nyingi, lakini yalikuwapo, na mtu aliweza kumsuta kiongozi kwa kuyataja. Mzaire angemsuta nani, na kwa neno gani, wakati Rais ndiye aliyetoa ruhusa?

Kabla ya hapo, Novemba 30, 1973, alikuwa ametangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa kwa wananchi. Kwa masikio ilikuwa habari njema, na shabaha yenyewe ilikuwa ya haki: uchumi ulikuwa mikononi mwa Wabelgiji, Wagiriki, Wareno na Wahindi, Mkongo akiwa mbeba mizigo kwao. Lakini waliokabidhiwa walikuwa vigogo, jamaa zao na makada. Mashamba ya kahawa na chai ya Kivu, mashamba ya mawese, maduka ya mjini na vijijini yakagawiwa kama zawadi za harusi.

Fikiria duka moja tu la mji mdogo wa ndani. Mgiriki ameondoka. Bwana mpya anafungua mlango asubuhi, rafu zimejaa chumvi, sabuni, vitenge, mafuta ya taa, sindano na uzi. Anauza. Pesa anaiweka mfukoni, maana haoni tofauti ya mtaji na faida. Duka amepewa na Rais, na alichopewa na Rais ni chake. Hana mkopo wa wauzaji wa jumla, hana anayemjua bandarini Matadi, na hana haraka ya kumjua. Baada ya wiki chache rafu za juu ziko wazi. Baada ya miezi michache anauza rafu zenyewe. Wanakijiji waliokuwa wakibadilishana kahawa yao na chumvi hapo dukani hawana tena wa kumuuzia kahawa wala pa kupata chumvi, na gari lililokuwa likija kila mwezi halina sababu ya kuja, na barabara isiyopitiwa na gari inaota majani. Mwaka 1974 bei ya shaba duniani ikaanza kuanguka, deni likapanda. Mwaka 1976 serikali ilikuwa ikiwaita wale wageni warudi. Wachache walirudi. Barabara haikurudi.

Sasa nifike kwenye jeshi, maana hapo ndipo funzo la maisha yake lilipo wazi kuliko kwingine kote.

Mobutu alikuwa mwanajeshi na alilipenda jeshi, lakini kuliko alivyolipenda alilihofia. Mwaka 1975, na tena 1978, maofisa kadhaa, baadhi yao waliosomea vyuo vizuri vya nje, walishtakiwa kwa kupanga mapinduzi. Wengine wakauawa, wengine wakafukuzwa. Nafasi za juu zikaenda zaidi kwa watu wa jimbo lake la Equateur, na hasa wa kabila lake, Wangbandi. Kisha akaligawa jeshi vipande. Divisheni ya Kamanyola ilifundishwa na Wakorea Kaskazini. Brigedi ya 31 ya askari wa miamvuli ilifundishwa na Wafaransa. Kikosi maalumu cha ulinzi wa Rais kilifundishwa na Waisraeli na kiliwekwa chini ya Jenerali Nzimbi, ndugu yake. Gadi ya Raia ilikuwa ya Jenerali Baramoto. Kila kikosi na walimu wake, na mkuu wake anayeripoti moja kwa moja kwa Rais na kuwachunguza wenzake. Kikosi maalumu kililipwa na kulishwa. Wanajeshi wa kawaida waliachwa wajitafutie, na watu wakawa na msemo wao wa hali hiyo, Ibara ya 15, ile ibara ambayo haimo katika katiba yoyote ya Zaire na ambayo kila mtu aliijua kwa moyo: jisaidie mwenyewe.

Kwa hesabu ya kuzuia mapinduzi, mpango huo ulikuwa kamili. Hakuna jenerali aliyeweza kukusanya vikosi vitatu bila wa nne kujua. Mobutu hakupinduliwa na jeshi lake hata mara moja kwa miaka 31. Lakini jeshi lisiloweza kumpindua Rais halikuweza pia kuilinda nchi. Ilionekana mapema. Waasi walipovamia Shaba mwaka 1977 walizuiwa na askari wa Morocco walioletwa kwa ndege za Ufaransa. Mwaka 1978 walipouteka mji wa Kolwezi, waliokuja kuukomboa ni askari wa Kifaransa na wa Kibelgiji. Rais wa nchi yenye makumi ya maelfu ya wanajeshi alikuwa anaazima jeshi kila nyumba yake ilipovamiwa, na aliazimwa kwa sababu nchi za Magharibi zilimhitaji katika Vita Baridi. Juni 1989 alikuwa miongoni mwa wakuu wa kwanza wa nchi za Kiafrika kupokewa na Rais George Bush Ikulu ya Marekani. Miezi mitano baadaye ukuta wa Berlin ulianguka, na aliyekuwa rafiki wa kutegemewa akageuka mtu wa kuepukwa. Miaka michache tu ikapita, hata viza akanyimwa.

Aprili 24, 1990, pale N'Sele, alitangaza mwisho wa chama kimoja. Sauti ilimkwama, machozi yakamlenga, akawaomba waliokuwa ukumbini waelewe hisia zake. Nadhani alilia kweli. Nchi ikangoja miaka saba baada ya machozi yale. Mkutano Mkuu wa Kitaifa wa kujadili mustakabali wa nchi ulikutana, ukafungwa, ukafunguliwa. Februari 16, 1992 waumini waliandamana Kinshasa wakiwa na Biblia na rozari mikononi kudai ufunguliwe tena, wakapigwa risasi, makumi wakafa. Vyama vikaota kama uyoga, vingi vikilipwa na yeye mwenyewe ili upinzani usiwe na sauti moja. Mchezo wa Nguz sasa ulichezwa na watu mia.

Na watu wa kawaida? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliacha kwa vitendo kumlipa mwalimu. Shule zilikuwa karibu kufungwa, wazazi wakakubaliana na makanisa wachange wenyewe, kila mtoto na kiasi chake, ili mwalimu ale. Ulikuwa mpango wa dharura wa kupita. Ulidumu karibu miaka 30, na kila mwanzo wa muhula maelfu ya watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Hesabu watoto wa vijiji vya Kasai, Maniema na Kivu ambao hawajui kusoma kwa sababu hiyo, wakakutana na mwenye bunduki anayeahidi chakula. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochimba zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilikuwa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Hospitali kuu ya Kinshasa ilikuwa imepewa jina la Mama Yemo, mama yake mzazi. Katika hospitali hiyo mgonjwa alikwenda na glavu zake, nyuzi zake za kushonea, bomba lake la sindano, na mafuta ya jenereta kama ikibidi. Mwanawe Yemo alipougua saratani ya tezi dume, mwaka 1996, alitibiwa Lausanne, Uswisi.

Sisemi hili kumcheka mgonjwa. Saratani haichekwi. Nasema tu kwamba alikuwa na miaka 31 ya kuifanya hospitali yenye jina la mama yake iwe mahali ambapo angeweza kulala.

Alikuwa bado Ulaya Oktoba 1996 vita vilipowaka Kivu ya Kusini. Waasi wa AFDL waliongozwa na Laurent-Désiré Kabila, mtu aliyekuwa ameishi miaka mingi Tanzania, na nyuma yao yalikuwapo majeshi ya Rwanda na Uganda, baadaye na Angola. Wengi wa wapiganaji walikuwa watoto, na jina walilopewa lilikuwa la Kiswahili: kadogo. Vita vile havikuwa vya malaika. Wakimbizi wengi wa Rwanda waliuawa katika misitu ya mashariki, na damu yao bado inadai haki. Ila kwa jambo hili ninalolieleza, tazama tu kasi yake. Nchi yenye ukubwa unaolinganishwa na wa Ulaya Magharibi ilivukwa kutoka mashariki hadi magharibi kwa miezi saba, sehemu kubwa kwa miguu. Jeshi la Mobutu lilikuwa likiupora mji kwanza, kisha likiukimbia. Mara nyingi wananchi waliwangoja waasi kwa hamu ili waokolewe kutoka kwa walinzi wao. Mamluki wa Kiserbia wakaletwa kuilinda Kisangani. Kisangani ikaanguka Machi 15, 1997. Lubumbashi ikaanguka Aprili. Mei 4 Nelson Mandela alimkutanisha Mobutu na Kabila ndani ya meli ya kijeshi ya Afrika Kusini, Outeniqua, karibu na Pointe-Noire. Mobutu alionekana mgonjwa, amedhoofika, na hakukuwa na la kujadili.

Jenerali mmoja alikuwapo aliyekuwa askari kweli, anayeheshimiwa na askari: Mahele Lieko Bokungu. Alimweleza Rais ukweli ambao wengine waliogopa kuusema, kwamba Kinshasa haiwezi kulindwa. Mei 16 asubuhi Mobutu aliondoka mjini kwenda Gbadolite. Usiku huo Mahele alikwenda kwenye kambi ya Tshatshi kuwasihi askari wa kikosi maalumu wasiuchome mji wa watu zaidi ya milioni nne kwa ajili ya vita vilivyokwisha. Walimwita msaliti wakampiga risasi. Nzimbi na Baramoto, wale majenerali wa kuaminiwa, walikuwa wakivuka mto kwenda Brazzaville. Kesho yake kadogo waliingia Kinshasa kwa miguu wakiwa wamevaa mabuti ya mpira, wakiulizia njia kwa Kiswahili katika mji wa Kilingala.

Gbadolite ilikuwa kazi ya mikono yake: kijiji cha msituni karibu na Mto Ubangi alichokigeuza mji wa majumba ya marumaru, na uwanja wa ndege wenye njia ndefu iliyoweza kupokea Concorde, ile aliyokuwa akiikodi kwa safari zake. Mei 18, 1997 njia hiyo hiyo ilimbeba akiwa ndani ya ndege ya mizigo. Askari wa kikosi chake, waliolishwa na kulipwa kuliko wote kwa miaka yote ile, waligundua kwamba anawaacha. Waliinua bunduki wakaipiga ndege ikiwa inaruka, na ilitua Lomé ikiwa na matundu ya risasi ubavuni.

Kutoka Togo alikwenda Morocco. Alifariki Rabat tarehe 7 Septemba 1997, hata miezi minne haijapita. Kule Gbadolite alikuwa amejenga kanisa lenye kaburi la familia, na mkewe wa kwanza, Marie-Antoinette, alizikwa humo mwaka 1977. Mobutu amelala Rabat, katika makaburi ya Wakristo.